Nani alishika usukani pale Wilson?

Leo programu zipumzike kidogo, tuzungumzie ndege.

Ukiwa hapa Machakos na unataka leseni ya rubani binafsi, njia inakupeleka Uwanja wa Wilson, Nairobi, kilomita 60 hivi. Mwaka 1929 mlowezi mjane, Florence Kerr Wilson, alianzisha kampuni ya Wilson Airways pamoja na rubani Tom Campbell Black. Ndege yao ya kwanza ilikuwa Gipsy Moth, chombo chepesi cha mbao na kitambaa. Haikuwa anasa tupu: mashamba ya walowezi yalikuwa mbali, na mvua ikinyesha barabara ziligeuka tope. Uwanja ulipewa jina la Wilson mwaka 1962.

Campbell Black ndiye aliyemfundisha Beryl Markham, aliyepata leseni mwaka 1931. Wengi humjua kwa kuvuka Atlantiki peke yake Septemba 1936, kutoka Uingereza hadi Kanada, akipingana na upepo. Mimi huvutiwa zaidi na kazi aliyoifanya kabla ya hapo: kuwatafutia wawindaji matajiri ndovu kutoka angani, katika nyika za Ukambani. Yeye akiwa juu, chini Wakamba walifuata nyayo kwa miguu. Waliijua nchi ile kuliko ramani yoyote, na wakati huo, bila GPS, kuijua nchi ilikuwa nusu ya urubani. Lakini usukani haukuwa wao.

Miaka mingi baadaye Irene Koki Mutungi alipata leseni binafsi papo hapo Wilson, akaendelea na masomo Oklahoma, Marekani, na mwaka 2014 akawa mwanamke wa kwanza Mwafrika kuwa kapteni wa Boeing 787. Baba yake pia alikuwa rubani (na hilo husaidia, tusidanganyane).

Masharti yenyewe hayaulizi wewe ni mtoto wa nani: miaka 17, cheti cha afya, mitihani, na saa zisizopungua 40 hewani. Wilson iko karibu mita 1,700 juu ya usawa wa bahari na hewa yake ni nyepesi, kwa hiyo jua likiwaka ndege ndogo hukimbia sana kabla ya kuinuka. Mwanafunzi hujifunza mapema kupiga hesabu ya uzito. Kinachowazuia wengi ni bei ya saa moja, kwani mafuta ya ndege ni ghali na injini huyanywa hata unapokosea. Programu yangu ikianguka naiwasha tena bure. Anayejilipia urubani hununua saa moja, kisha husubiri mshahara mwingine.