Baba Yake Masala Kulangwa Yuko Wapi?

Likizo iliyopita nilikuwa nyumbani Bariadi. Jioni moja mpwa wangu, kijana wa kidato cha pili, alinivuta hadi kibanda cha video nikaone "katuni" yake ya Kijapani. Ni One Piece, kisa cha maharamia ambacho Eiichiro Oda alianza kukichapisha mwaka 1997 na ambacho kiliingia kwenye televisheni mwaka 1999. Vipindi vyake vimekwishapita 1,000. Tulipotoka, kijana alikuwa na hasira. Huyu Shanks anaogopwa na bahari nzima, alisema. Imekuwaje basi kule mwanzoni mnyama wa majini akamnyofoa mkono? "Mjomba, hii haiji. Mwandishi alikuwa bado hajaijua hadithi yake."

Nilicheka, lakini usingizi haukuja upesi. Mimi nami niliwahi kuikamata hadithi katika makosa ya namna hiyo, tena nikajitwisha kazi ya kuyasahihisha. Makala haya ni maungamo ya kazi hiyo.

Msukuma gani hajui habari za Shing'weng'we? Wengine waliisikia shikome, penye moto wa wanaume. Mimi niliisikia jikoni kwa bibi, upande wa Dutwa. Zimwi Shing'weng'we linameza watu wote wa dunia pamoja na mifugo yao. Mwanamke mmoja mjamzito anasalimika kwa kujificha ndani ya lundo la makapi ya nafaka. Anajifungua mtoto wa kiume, Masala Kulangwa. Mtoto anauliza watu wengine wako wapi, anaambiwa. Anakwenda porini, anarudi na panzi: mama, nimemuua Shing'weng'we! Huyo siye, mwanangu. Anarudi na ndege, kisha na mnyama mkubwa zaidi, na kila mara jibu ni lile lile. Mwishowe anamuua zimwi mwenyewe, anampasua tumbo, watu na ng'ombe wanatoka wakiwa hai. Kisu kinakata sikio la bibi kizee mmoja. Bibi kizee anamtukana, anataka kumloga, lakini rafiki zake kijana wanamlinda; naye anatafuta dawa, anamponya. Watu wanamtawaza awe mtemi wa dunia nzima, na mama yake anapewa heshima ya umalkia.

Sasa hesabu matundu. Watu wamekaa tumboni miaka yote hiyo wakila nini? Kijana alijifunza kwa nani kutumia silaha, kama duniani wamebaki yeye na mama yake? Hao "rafiki" wametoka wapi? Usukuma haukuwahi kuwa na mtemi mmoja. Ntuzu, Itilima na Kanadi kila moja ilikuwa na wake, sembuse dunia nzima! Na lililo kubwa kuliko yote: baba wa mtoto ni mmoja wa waliomezwa. Tumbo linapasuliwa, watu wote wanatoka. Baba hatajwi.

Nikiwa mwaka wa kwanza tulipewa zoezi la kukusanya ngano. Nikaiandika hii kutoka kinywani mwa bibi, kisha nikaanza kuziba matundu. Sikio niliona halina kazi, nikalifuta. Baba nikamtoa tumboni wa kwanza, nikampa machozi na maneno mazuri. Mwalimu alisifu mtiririko, alama zikawa nzuri.

Nilimsomea bibi. Alisikiliza mpaka mwisho, akauliza, "Huyo mwanamume umemtoa wapi, mjukuu wangu?" Halafu akasema, "Na bibi kizee wangu je?" Nikadhani ni ushabiki wa wazee kwa wazee wenzao. Mwaka uliofuata alifariki, sikuwa nimemuuliza zaidi.

Jibu nililipata maktaba nikitafuta jambo jingine. Hans Cory, aliyekuwa mtaalamu wa elimujamii wa serikali ya kikoloni, alichapisha mwaka 1951 kitabu kiitwacho The Ntemi, juu ya watemi wa Usukuma. Desturi ya zamani ya kurithi utemi ilifuata upande wa mama: mtoto wa dada ndiye aliyerithi, si mwana wa mtemi. Urithi wa mwana kwa baba ulikuja baadaye, nyakati za ukoloni, na mwaka 1963 utemi wenyewe ukafutwa na serikali huru. Rudi sasa kwenye ngano. Anayetawazwa amelelewa na mama peke yake, na anayepanda daraja pamoja naye ni mama. Kwa msikilizaji wa enzi hizo, mimi naona, hapakuwa na tundu lolote. Baba hakuwa na kiti cha kukalia katika sherehe ile.

Najua kuna atakayenipinga kwamba zimwi mmeza-watu si la Wasukuma pekee. Ni kweli. Alice Werner alilifuatilia katika kitabu chake cha mwaka 1933 juu ya visasili vya Wabantu, na Wasotho wanalo la kwao. Lakini kule Lesotho waliookolewa humgeukia shujaa wao na mwishowe humuua. Kwetu chuki hiyo inaanza vile vile, kwa bibi kizee wa sikio, ila inatafutiwa dawa. Kumbe nilipofuta sikio nilifuta mahali penyewe ambapo hadithi yetu inaachana na ile ya Wasotho! Hata la nani alimfundisha kijana, jina linajibu: masala ni akili, kulangwa ni kufundishwa. Kila "huyo siye" ya mama ilikuwa somo.

Tumbo la zimwi bado linanishinda, na sitajifanya. Huenda ni uongo mtamu wa ngano, basi.

Ningeyaweka haya moyoni kama si jambo moja. Mwaka jana nilisoma tasnifu ya mwanafunzi mwenzetu inayodai kwamba ngano ya Masala Kulangwa "inamtukuza baba kama nguzo ya familia ya Kisukuma." Ushahidi wake ni machozi ya baba anapotoka tumboni. Machozi yangu! Ameyatoa kwenye daftari langu lililo katika kabati la idara, na hana kosa, kwani juu pameandikwa kwamba msimulizi ni bibi yangu.

Wiki iliyopita niliomba ufunguo wa kabati. Maneno ya baba nimeyapiga mstari kwa wino mwekundu, pembeni nikaandika "haya ni yangu." Sikio nimelirudisha.