Vigae Vilivyofundisha Mata Ortiz

Tarehe za ufundi kwa kawaida huanza na nasaba: fulani alifunzwa na babaye, naye babaye akafunzwa na mjomba, mpaka wakumbukaji wakomee. Hata pasipo ukoo, hapakosekani chama. Huko Puebla, katikati ya Meksiko, wafinyanzi wa vyombo vya talavera walijiwekea kanuni mwaka 1653, mtu asiitwe fundi mkuu mpaka apite mtihani mbele ya mafundi wenzake. Kijiji cha Mata Ortiz hakina ukoo wa namna hiyo wala hakikuwa na chama, na ndiyo maana habari zake hunishika kuliko za Puebla.

Kipo kaskazini, katika nchi kavu ya jimbo la Chihuahua, ukingoni mwa Mto Palanganas. Hakiko mbali na Paquimé, mji wa kale wa udongo uliostawi kati ya mwaka 1200 na 1450 hivi. Watu wa Paquimé walichimba mifereji ya maji, wakafuga kasuku wakubwa wekundu, wakafinyanga vyungu vyembamba vyenye michoro myeusi na myekundu. Wahispania walipofika karne ya 16 walikuta mahame. Hapakuwa na fundi wa kuwaonyesha udongo ule ulichimbwa wapi, wala rangi zile zilisagwa kutokana na jiwe gani.

Kijiji chenyewe ni mtoto wa reli. Mwanzoni mwa karne ya 20 kiliitwa Pearson, kwa jina la tajiri wa kigeni wa reli na mbao. Baadaye kikapewa jina la Juan Mata Ortiz, mpiganaji aliyeuawa na Waapache mwaka 1882. Karakana ya treni ilipohamishiwa Nuevo Casas Grandes, kazi ikaondoka nayo, wakabaki watu wenye mashamba madogo, ng'ombe wachache na vibarua vya msimu.

Katika familia moja ya hapo alikulia Juan Quezada, aliyezaliwa mwaka 1940. Shule aliiacha mapema. Akiwa kijana alikuwa akipanda milimani na punda kutafuta kuni, na huko ardhi imejaa vigae vya watu wa kale. Wenzake walivipita tu. Yeye aliviokota, akavitazama, akataka kujua vilifanywaje. Wa kumwuliza hakuwepo.

Alichimba udongo, akafinyanga, chungu kikapasuka. Akafinyanga tena, kikapasuka tena. Hapo ndipo alipovirudia vile vigae, safari hii akaacha michoro na kutazama pale vilipovunjikia. Ndani ya udongo aliona chembechembe ngumu. Udongo mtupu hunywea ukikauka, na ukinywea hupasuka. Watu wa kale waliuchanganya na mchanga ili uvumilie jua na moto. Angaliokota chungu kizima, kisichokuwa na ufa, asingaliiona siri hiyo, kwa kuwa chungu kizima hakionyeshi tumbo lake. Kila nikisoma habari hizi husimama hapo. Mji uliokufa miaka mia tano kabla yake ulimfundisha mtu kwa vipande vilivyotupwa.

Mengine aliyatafuta vivyo hivyo, mwaka hadi mwaka, huku akifanya kibarua cha reli. Weusi aliupata katika mawe ya manganizi, wekundu katika mawe yenye chuma. Kwa brashi alijaribu hili na lile, mwisho akafunga nywele chache za mtu kwenye kijiti, na michoro yake ikawa na mistari myembamba kama uzi. Gurudumu la mfinyanzi hakulitumia. Donge la udongo husukumwa likawa kama chapati, likalazwa ndani ya bakuli la kukalibia. Juu ya ukingo huongezwa mkunjo mmoja mnene wa udongo, nao hufinywa na kuvutwa juu mpaka kuta ziwe nyembamba. Kikikauka hukwanguliwa kwa kipande cha msumeno, kisha husuguliwa kwa jiwe laini au mfupa mpaka king'ae. Kuchoma ni chini, uani: chungu hufunikwa na chombo kikubwa, kikazungushiwa mavi makavu ya ng'ombe au magome ya miti, moto ukawashwa. Kazi ya wiki nzima huweza kupasuka katika moto huo mmoja.

Mwanzoni vyungu vyake vilivuka mpaka bila jina, na walanguzi wengine wakaviuza kama vitu vya kale. Mwaka 1976, Mmarekani Spencer MacCallum aliona vyungu vitatu katika duka la vitu vikuukuu mjini Deming, New Mexico. Akaingia Meksiko kumtafuta aliyevifinyanga, akiuliza kijiji kwa kijiji, mpaka akafika mlangoni pa Juan. Alimpa posho ya kila mwezi apate kufinyanga bila haraka ya kuuza, kisha akavitembeza vyungu vyake katika makumbusho ya Marekani.

Lakini kuinuka kwa kijiji ninakuhesabu kwa Juan mwenyewe. Siri iliyomgharimu ujana wake hakuifungia ndani. Aliwafundisha nduguze Nicolás, Reynaldo, Consolación, Lydia na wengine, nao wakafundisha majirani. Mtaa wa Porvenir, hapo hapo kijijini, nao ulikuwa na mwanzo wake, kwa mkono wa Félix Ortiz, na vyungu vya huko vina mitindo yao. Ufundi ukaenea nyumba kwa nyumba, wanaume kwa wanawake, hata ukalisha mamia ya watu. Mwaka 1999 Juan alipewa Tuzo ya Taifa ya Sayansi na Sanaa ya Meksiko.

Miaka mibaya ilikuja pia. Tangu mwaka 2008, vita vya magenge ya dawa za kulevya huko Chihuahua na msukosuko wa uchumi Marekani viliwafukuza wanunuzi, na nyumba zilizozoea wageni zikakaa na vyungu vyao.

Juan alifariki Desemba 2022. Wanawe wameishika kazi hiyo. Vyungu vya Paquimé havina jina la aliyevifinyanga; vya Mata Ortiz, ukikipindua kimoja, utalikuta jina la fundi limeandikwa kitakoni.