Ubini Usio na Mtoto: Jina Speke katika Ghuba ya Ziwa Viktoria na Mfumo wa Ng'wana wa Wasukuma

Utangulizi

Kaskazini mwa Bujora, eneo la Kisesa wilayani Magu, maji ya Ziwa Viktoria huingia nchi kavu na kufanya ghuba ndefu ambayo katika ramani huitwa Ghuba ya Speke. Jina hilo ni ubini wa Kiingereza. Makala haya yanafuatilia asili na safari ya ubini huo, kisha yanaulinganisha na mfumo wa Wasukuma wa kumtambulisha mtu kwa mzazi wake. Hoja kuu ni kwamba ubini huhifadhi historia ya kuhama kwa jina, wala si lazima uwe ushahidi wa damu.

Asili ya jina Speke

Uingereza haikuwa na ubini wa kurithiwa tangu mwanzo. Desturi hiyo ilienea baada ya uvamizi wa Wanormandi wa mwaka 1066, na mpaka karne ya 14 watu wengi walikuwa na jina la pili lililotokana na mahali, kazi, jina la baba au lakabu. Agizo la mwaka 1538 la kuweka daftari za ubatizo, ndoa na maziko katika kila parokia lilizidi kuyagandisha majina hayo katika maandishi.

Speke huwekwa katika kundi la lakabu. Umbo lake la kale, Espec, lilitoka katika Kifaransa cha Kale, na wanaetimolojia hulihusisha na kigong'ota, ndege atoboaye miti kwa mdomo. Kijiji cha Brampford Speke huko Devon kimebeba jina la ukoo huo. Kwa hiyo, kabla ya kufika Afrika, ubini huu ulikwishazoea kutoka kwa mtu na kubandikwa kwenye ardhi.

Safari ya jina hadi ziwani

John Hanning Speke, aliyetoka katika ukoo wa Somerset, alifika Mwanza tarehe 3 Agosti 1858. Ziwa alilipa jina la malkia wake, lakini akabakiza neno la wenyeji, nyanza, ambalo ndilo linalohusishwa pia na jina la Mwanza. Alifariki mwaka 1864 kwa risasi ya bunduki yake mwenyewe, bila kuoa wala kuacha mtoto.

Miaka 11 baadaye, Machi 1875, Henry Morton Stanley aliondoka Kageye kwa mashua yake, Lady Alice, kulizunguka ziwa. Yeye ndiye aliyeipa ghuba jina la Speke. Hata hivyo, mtoaji huyo wa jina naye alikuwa na ubini wa kuazima. Alizaliwa Denbigh, Wales, mwaka 1841, akaitwa John Rowlands. Ubini Stanley aliuchukua Marekani kutoka kwa mfanyabiashara wa New Orleans, Henry Hope Stanley. Ramani ikapata jina la mtu asiye na mtoto kwa mkono wa mtu asiyetumia jina la baba yake.

Ng'wana: mtoto ndani ya jina

Neno la Kiswahili ubini limetokana na bin ya Kiarabu, yaani mwana wa fulani. Kisukuma hutumia ng'wana, neno lenye asili moja na mwana. Masanja Ng'wana Luhende akipata mtoto baada ya pacha, mtoto huyo ataitwa Shija Ng'wana Masanja. Shija hueleza nafasi yake katika uzazi, Masanja humtaja mzazi, na Luhende hubaki katika kumbukumbu ya ukoo. Jina la pili hubadilika kila kizazi. Halirithiwi likiwa limeganda.

Hata hivyo, ng'wana nayo haitaji damu kila mara. Ng'wanamalundi, mcheza ngoma na mganga mashuhuri wa Usukuma, kwa jina halisi aliitwa Igulu. Simulizi hueleza kuwa malundi, yaani miguu, ni lakabu ya urefu wa miguu yake. Hapa Igulu na kigong'ota wa Devon wanakutana: lakabu imevaa vazi la nasaba.

Bujora yenyewe inatoa mfano wa upande wa pili. Padre David Clement, Mmisionari wa Afrika kutoka Quebec aliyeanzisha parokia na makumbusho ya Wasukuma mahali hapo, alijulikana pia kwa jina la Fumbuka. Stanley aliwabandikia wenyeji jina la mgeni. Bujora ilimpa mgeni jina la wenyeji.

Hitimisho

Ulinganisho huu unamgusa moja kwa moja mtafiti wa daftari za ubatizo, shule na kodi za Kanda ya Ziwa. Fomu yenye nafasi ya jina la mwisho humfanya Masanja aonekane kuwa ukoo, ilhali ni mzazi mmoja tu. Na ng'wana ikiachwa na karani, uhusiano aliokuwa akiutaja msemaji hupotea. Anayeyasoma majina hayo kwa kanuni ya ubini wa Kiingereza ataunda koo ambazo hazikuwapo na kuzitenganisha familia zilizokuwa moja. Kabla ya kuuliza jina ni la ukoo gani, inafaa kuuliza nani alilitoa, nani aliliandika, na lilimfikiaje aliyeitwa kwalo.