Biskuti za siagi kwa Krismasi: vipimo, ladha na kuvusha mpakani

Biskuti za siagi zenye asili ya Uskoti, maarufu kama shortbread, huhitaji vitu vitatu tu: sukari, siagi na unga wa ngano, kwa uwiano wa 1:2:3 wa uzito. Sukari gramu 100, siagi gramu 200 na unga gramu 300 hutosha biskuti 30 za gramu 20 kabla ya kuokwa.

Siagi na sukari huchanganywa hadi zilainike, kisha huongezwa unga. Kukanda sana huzifanya ziwe ngumu. Kwa ladha, huwekwa kijiko kimoja cha chai cha iliki au tangawizi ya unga, au ganda la limau lililokwaruzwa. Donge hupumzishwa kwenye jokofu nusu saa, husukumwa, hukatwa na kuokwa kwa nyuzi joto 160 dakika 20 hadi 25.

Kwa kuwa ni kavu, hustahimili safari. Zikifungwa zingali na moto, mvuke huzilainisha na hasara humwangukia muuzaji. Anayetumia majarini badala ya siagi aitaje kwenye lebo.

Ndani ya Jumuiya ya Afrika Mashariki, cheti rahisi cha uasili hutumika kwa shehena isiyozidi dola 2,000 za Marekani, ikiwa bidhaa imo kwenye orodha iliyokubaliwa. Cheti hicho hakifuti masharti ya viwango. Ni vema kuulizia forodha na shirika la viwango, kama TBS au KEBS, kabla ya msongamano wa Desemba.