Historia ya Kipimo cha Ebola, Beni na Butembo

Mwaka 1976, homa isiyo na jina, ambayo baadaye iliitwa Ebola, ilipozuka Yambuku, Kongo, damu ya mgonjwa ilisafirishwa hadi Antwerp, Ubelgiji, ndani ya chupa ya chai yenye barafu. Ilipofunguliwa, kichupa kimoja ndani yake kilikuwa kimevunjika. Kongo ikangoja jibu kutoka ng'ambo.

Julai 2018 zamu ilikuwa ya Mangina, kilomita 30 hivi kutoka Beni, mashariki mwa Kongo. Sampuli sita zilipelekwa kwa ndege hadi INRB, Kinshasa, taasisi ya taifa ya utafiti wa kitabibu iliyoongozwa na Profesa Muyembe, mmoja wa madaktari wa mwanzo kufika Yambuku. Tarehe 31 nne zikaonekana na Ebola. Kesho yake mlipuko wa kumi wa Ebola nchini ukatangazwa. Punde maabara zikahamia kwenye wagonjwa wenyewe: Beni, Mangina, Butembo, Goma.

Mashine ya kupimia ilikuwa GeneXpert. Mwosha dhahabu wa Lubero angeielewa haraka: mchanga mwingi, punje chache, kazi ni kuondoa uchafu hadi punje zibaki. Damu huuliwa virusi kwa dawa kwanza, ikatiwa katika katriji ya plastiki. Humo chembe za urithi wa kirusi hunaswa, huoshwa, hukusanywa. Kisha huja jambo ambalo dhahabu haina: chembe hizo huzidishwa, moja kuwa mbili, mbili kuwa nne, mizunguko 30 huivusha moja hadi zaidi ya bilioni. Kwa muda usiofika saa mbili jibu liko mezani.

Ila hata mwosha hodari hapati dhahabu pasipo na dhahabu. Siku tatu za mwanzo wa homa, virusi katika damu huweza kuwa haba mno hata mashine isivione. Kwa hiyo mtu aliyeambiwa hana ugonjwa alizuiliwa, akapimwa upya baadaye. Mitaani hilo lilisikika kama ujanja: jana sina, leo ninayo, mmenitia nyinyi! Kwa maoni yangu, sentensi moja ya Kinande au Kiswahili kuhusu uhaba huo, ikisemwa mapema mlangoni, ingepunguza uvumi mwingi.

Hasira zilikuwa na mizizi mingine pia, ya vita na siasa. Februari 2019 vituo vya matibabu ya Ebola vya Butembo na Katwa jirani yake vilishambuliwa ndani ya siku nne. Tarehe 19 Aprili Dkt. Richard Mouzoko, Mkameruni aliyekuja kupambana na Ebola, akauawa hospitalini Butembo. Hata hivyo upimaji uliendelea. Katwa hiyohiyo INRB ikaweka mitambo ya kusoma herufi za urithi wa kirusi, ili kujua nani kaambukizwa kutoka wapi.

Mlipuko uliisha tarehe 25 Juni 2020: wagonjwa 3,470, waliokufa 2,287. Ebola ilirudi Butembo Februari 2021, kisha Beni Oktoba mwaka huohuo.

Agosti 2022 mgonjwa mmoja alifia Beni. Sampuli yake ilipimwa katika tawi la INRB Goma, na urithi wake ukaonekana kuwa uzao wa kirusi cha 2018–2020.