Jiliwa kuukuu: Kutu si sababu ya kulipeleka kwenye mizani ya chakavu

JILIWA, ambalo mafundi wengi wa mitaani hulifahamu kwa jina la vaisi, ni chombo cha chuma kinachofungwa juu ya meza ya kazi ili kukamata kitu kinachokatwa, kupigwa tupa, kutobolewa au kukunjwa.

Halina injini wala halihitaji umeme. Hata hivyo, karakana isiyo nalo hulazimika kushikilia kazi kwa mguu, kwa goti au kwa mkono wa kijana anayejifunza ufundi, na hapo ndipo majeraha mengi ya msumeno na tindo huanzia.

Katika nchi za Ulaya na Marekani, majiliwa ya zamani yamekuwa vitu vya kukusanywa. Wapo watu wanaoyatafuta kwenye minada na maghala, wakayasafisha, wakayapaka rangi upya na kuyapanga kwa mwaka na kwa kiwanda, kama wengine wanavyokusanya stempu au sarafu.

Kwa fundi wa Tanzania, suala hilo lina uzito mwingine. Jiliwa kuukuu likitengenezwa linaweza kumpatia riziki kwa miaka mingi. Likipuuzwa, huuzwa kwa kilo kama chuma chakavu na kuyeyushwa.

Mbali na reli

Mfano wa mahali ambapo chombo hicho kina thamani kubwa ni Mtendeli, katika Wilaya ya Kakonko iliyomegwa kutoka Kibondo mwaka 2012, kwenye nyanda za juu za Mkoa wa Kigoma.

Wasomaji wengi wa mijini wamelisikia jina la Mtendeli kwa sababu ya kambi ya wakimbizi kutoka Burundi, iliyofunguliwa tena Januari 2016 na kufungwa Desemba 2021, wakazi wake wakihamishiwa kambi ya Nduta. Lakini nje ya habari za kambi, wananchi wa Kakonko, Kibondo na Kasulu ni wakulima wanaotegemea jembe, baiskeli na mashine ya kusaga. Vyombo hivyo vyote vikiharibika huhitaji fundi wa chuma.

Ufundi huo si mgeni kwa Waha. Kabla ya ukoloni walikuwa na wahunzi wao waliofua majembe na mikuki. Mhunzi alitumia koleo na fuawe. Jiliwa la parafujo lilikuja baadaye pamoja na karakana za kigeni.

Njia kuu ya kuingiza zana hizo magharibi mwa nchi ilikuwa Reli ya Kati, iliyofika Kigoma mwaka 1914. Kwa reli hiyo zilisafirishwa sehemu za meli iliyojengwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913, ambayo leo inaitwa MV Liemba, na kuunganishwa Kigoma kando ya Ziwa Tanganyika.

Hata hivyo, reli iliishia ziwani. Wilaya za kaskazini mwa mkoa zilibaki zikitegemea barabara, na chombo kizito cha chuma kilipofika huko kilikuwa kimeongezeka gharama ya kukisafirisha. Ndiyo maana kulifufua jiliwa lililokwishafika ni jambo la uchumi.

Aina na alama zake

Kimsingi, yapo majiliwa ya namna mbili ambayo mkusanyaji hukutana nayo.

La kwanza ni jiliwa la mguu, lililotumiwa sana na wahunzi. Lina mguu mrefu unaofika hadi chini, hivyo kishindo cha nyundo hupokewa na ardhi badala ya meza. Mengi yalitengenezwa kwa chuma cha kufua, ndiyo maana hustahimili kupigwa.

La pili ni jiliwa la meza, ambalo mataya yake husogea sambamba. Mwili wake kwa kawaida ni chuma cha kusubu, yaani kilichoyeyushwa na kumiminwa kwenye kalibu, na mataya hufungiwa vibati vya chuma cha pua vilivyokomazwa.

Majina ya viwanda huandikwa ubavuni. Jina la Record lilitokana na kampuni ya C. & J. Hampton ya Sheffield, Uingereza, na majiliwa yake hutambulika kwa rangi ya buluu. J. Parkinson & Son ya Shipley, Yorkshire, ilijulikana kwa jiliwa lililoitwa Perfect, lenye kifyatuo cha kuliachia taya lisogee haraka bila kuzungusha parafujo.

Nchini Ujerumani, Josef Heuer alianza mwaka 1925 kutengeneza majiliwa ya chuma cha pua kilichofuliwa. Nchini Marekani, Hugh Vogl alianzisha kampuni ya Wilton mjini Chicago mwaka 1941, na jiliwa lake lenye umbo la risasi, ambalo parafujo yake imefunikwa ili vumbi lisiingie, ni miongoni mwa yanayotafutwa zaidi na wakusanyaji.

Si ajabu kwamba katika nchi zilizokuwa chini ya Waingereza majina ya Sheffield na Yorkshire ndiyo hukutwa mara nyingi kwenye majiliwa ya zamani.

Aidha, mnunuzi anapaswa kuangalia kama kuna alama ya reli, jeshi au idara ya Serikali. Chombo chenye alama kama hiyo kinaweza kuwa kimeuzwa kihalali kwa mnada, lakini pia kinaweza kuwa mali ya umma iliyoibwa. Ni busara kudai hati ya mauzo kabla ya kutoa fedha.

Somo la kujitegemea

Mfano mkubwa wa ukarabati wa zana kuukuu uliogusa Tanzania ulitoka Uingereza. Mwishoni mwa miaka ya 1970 Glyn Roberts alianzisha shirika la Tools for Self Reliance, ambalo makao yake yalikuwa Netley Marsh, karibu na Southampton.

Jina la shirika hilo lina maana ya zana za kujitegemea, wazo lililokuwa nguzo ya Azimio la Arusha la mwaka 1967. Watu wa kujitolea walikusanya nyundo, randa, misumeno na majiliwa yaliyotelekezwa katika nyumba na viwanda, wakayasafisha na kuyanoa, kisha yakasafirishwa kwenda kwa mafundi wa Afrika. Tanzania ilikuwa miongoni mwa nchi za mwanzo kunufaika, na Shirika la Kuhudumia Viwanda Vidogo (SIDO), lililoundwa mwaka 1973, lilishiriki katika kazi hiyo.

Mashirika mengine ya Uingereza, yakiwemo Workaid la Chesham na Tools With A Mission la Ipswich, yalifuata njia hiyohiyo.

Fundisho lake ni wazi. Jiliwa ambalo mwenyewe alilihesabu kuwa takataka lilihitaji saa chache tu za mtu mwenye brashi ya waya na subira ili lifanye kazi tena. Kazi hiyo haihitaji kufanyika Southampton pekee. Inaweza kufanyika Kasulu, Kibondo au Gerezani, Dar es Salaam, kwa vifaa vinavyopatikana madukani.

Sehemu tatu za kukagua

Kosa la wengi ni kulihukumu jiliwa kwa kutu yake. Kutu ya juu si ugonjwa wa kuua. Zipo sehemu tatu zinazoamua kama jiliwa litapona.

Ya kwanza ni mwili. Ligongwe taratibu kwa nyundo ndogo: chuma kizima hulia kwa sauti inayoendelea, chenye ufa hutoa sauti butu inayokatika. Ufa hupatikana zaidi kwenye shina la taya linalosogea na kwenye matundu ya bolti.

Ya pili ni parafujo na nati yake. Zungusha mkono huku ukilivuta taya. Likicheza mbele na nyuma kwa nafasi kubwa, meno ya nati yameliwa. Nati inaweza kuchongwa upya na fundi mwenye mashine ya kereza, lakini gharama hiyo iingizwe kwenye bei.

Ya tatu ni mataya. Vibati vilivyochakaa si hasara kubwa, kwa kuwa hufungwa kwa skrubu na vinaweza kubadilishwa. Mafundi wengi huvichonga kutoka springi ya gari iliyolainishwa kwanza kwa moto.

Jiliwa lililosalimika katika sehemu hizo tatu, hata likiwa jekundu kwa kutu, lina thamani kuliko jipya la chuma hafifu.

Hatua za ukarabati

Kazi huanza kwa kulegeza. Sehemu zilizogandamana hupakwa mafuta ya taa yaliyochanganywa na dizeli, zikaachwa siku moja au zaidi. Kutumia nguvu siku ya kwanza ndiko huvunja chuma cha kusubu, ambacho ni kigumu lakini hakipindi.

Baada ya kufunguliwa, sehemu hukwanguliwa grisi ya zamani na kusuguliwa kwa brashi ya waya. Rangi za zamani huweza kuwa na risasi, madini yanayodhuru hasa watoto. Kwa hiyo zisikwanguliwe zikiwa kavu bila kufunika pua na mdomo, wala karibu na mahali pa kupikia.

Kutu sugu huondolewa kwa njia mbili. Njia rahisi ni kuloweka sehemu ndogo kwenye siki kwa siku moja, kisha kuziosha kwa maji yenye magadi soda, kuzikausha na kuzipaka mafuta papo hapo.

Njia ya pili hutumia umeme mdogo wa chaja ya betri ya gari. Kipande chenye kutu huning'inizwa ndani ya ndoo ya plastiki yenye maji na magadi soda na kuunganishwa na ncha hasi. Ncha chanya huunganishwa na kipande cha chuma cha kawaida, bila vipande hivyo viwili kugusana. Isitumike kamwe chuma kisichoshika kutu kwenye ncha chanya, kwa kuwa huacha sumu ndani ya maji. Kazi ifanyike nje, mbali na moto, kwa sababu hewa inayotoka huwaka, na chaja izimwe kabla ya mkono kuingia majini.

Ukikutwa ufa, lazima kwanza ijulikane aina ya chuma. Kikiguswa na jiwe la kusaga, chuma cha kusubu hutoa cheche fupi nyekundu. Chuma cha pua hutoa cheche ndefu zinazong'aa.

Chuma cha kusubu kikichomelewa kwa fimbo za kawaida bila kupashwa moto, hupasuka tena pembeni mwa kovu. Kinatakiwa kupashwa moto kwanza, kuunganishwa kwa fimbo za nikeli au kwa shaba, kisha kufukiwa kwenye majivu makavu ili kipoe polepole. Hata hivyo, jiliwa lililowahi kupasuka lipewe kazi nyepesi.

Mwisho hupakwa rangi ya kuzuia kutu na rangi ya juu, isipokuwa sehemu zinazosuguana. Hizo hupakwa mafuta, na parafujo hupakwa grisi. Mkusanyaji anayetaka kutunza historia husafisha maandishi ya kiwanda bila kuyasaga, kwa sababu yakifutika umri na asili ya chombo hupotea navyo.

Kulifunga na kulitunza

Jiliwa lililokarabatiwa linaweza kuharibika upya kwa matumizi mabaya.

Linatakiwa kufungwa kwa bolti zinazopenya ubao mnene, si kwa misumari, na kimo chake kiwe sawa na kiwiko cha mtumiaji aliyesimama. Taya lisilosogea litokeze kidogo nje ya ukingo wa meza, ili bomba au nondo ndefu iweze kukamatwa ikiwa wima.

Mkono wake umepimwa kulingana na nguvu ya mwili wake. Kuuongezea bomba ili kukaza zaidi, jambo linaloonekana katika gereji nyingi, ndiko hula nati na kupasua shina. Vilevile, nyundo ielekezwe upande wa taya lisilosogea, ambalo limeegemea mwili mzima wa jiliwa, na mwili huo usigeuzwe fuawe.

Chembe za chuma zifagiliwe kila jioni, na tone la mafuta litiwe kwenye parafujo.

Mzani wa muuza chakavu hautofautishi chuma kilichokufa na chombo kilichoshika kutu tu. Kwake vyote ni kilo. Anayeweza kuitambua tofauti hiyo ni fundi, na katika sehemu zilizo mbali na viwanda, kama Mtendeli, uamuzi wake ndio unaoweza kufanya karakana ibaki na chombo chake au kijana ajifunze kazi akiwa ameshikilia chuma kwa goti.