Upepo si kanieneo

Pale Mbagala Rangi Tatu fundi tairi haulizi unataka kanieneo gani. Anaburuta mpira wa kompresa, anachuchumaa: "Mkubwa, nikuwekee ngapi?" Namba mtakayokubaliana ndiyo kanieneo, ila mtaani jina lake ni upepo.

Jambo hili moja lina majina mengi. Zahanati wanaandika shinikizo la damu, mgonjwa anasema presha. Mamlaka ya Hali ya Hewa inatangaza mgandamizo mdogo wa hewa. Vitabu vya sayansi vina kanieneo. Kwa gari lenye tairi zake za kiwandani, sina ugomvi na upepo. Ugomvi unaanza mtu akifunga tairi kubwa kuliko zilizokuja na gari.

Hapo utasikia: "Hili kubwa, linataka upepo mwingi." Ni kweli, na si kweli. Hewa itakayoingia ni nyingi, maana nafasi ni kubwa. Kompresa itanguruma mpaka uchoke kusubiri. Lakini kwa mzigo uleule, namba ya kwenye geji inatakiwa ishuke. Neno upepo limetia ujazo na msukumo gunia moja, na mwenye gari anaondoka na tairi gumu kama jiwe, linalodunda kila shimo na kulika katikati.

Kanieneo linajieleza: kani juu ya eneo. Chukua tairi la lori la 315/80R22.5, linaloruhusiwa kubeba kilo 4,000 kwenye ekseli ya mbele. Kwa pauni 120 hivi kwa inchi ya mraba, hesabu ya haraka inaonyesha kwamba sehemu inayogusa lami haifiki sentimita za mraba 500. Karatasi ya A4 ni kubwa kuliko hapo! Toa hewa, eneo linapanuka. Ndiyo maana aliyenasa mchangani hupunguza upepo. Akirudi lami bila kujaza, mbavu za tairi zinajikunja kila mzunguko, zinachemka, mwisho linapasuka.

Namba iliyochapwa ubavuni mwa tairi nayo hupotosha: hiyo inaendana na mzigo wa juu kabisa, si mzigo wako. Na karatasi iliyobandikwa mlangoni inahusu tairi za awali. Mwenye tairi kubwa apime uzito wa kila ekseli akiwa na mzigo, kisha asome jedwali la mtengenezaji wa tairi. Apime asubuhi, tairi likiwa baridi: lenye pauni 100 likiongezeka joto nyuzi 20 hupanda pauni 7 au 8, na hizo haziguswi.

Kwa hiyo fundi abaki na upepo wake, hakuna atakayemnyang'anya. Ila wafasiri wa majedwali na vitabu vya magari waandike kanieneo, wasiandike "kiasi cha hewa". Na wewe wa pikapu, ukishajaza, chora mstari wa chaki kukatiza uso wa tairi, uendeshe kidogo kwenye lami iliyonyooka. Chaki ikifutika katikati tu, punguza. Ikifutika kingoni tu, ongeza.